"He goes" lakini "they go": hii S ya Kiingereza inafuata nini hasa?

mwl_jioni:
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada wa walimu na wale mliosoma lugha.

Mie nafundisha Kiingereza jioni huku Paje, Unguja, si skuli rasmi, tumeazima chumba cha madrasa watoto wakishatoka. Wanaokuja ni vijana wa hotelini, wa jikoni, wa usafi wa vyumba, wawili watatu wa kite (mchezo ule wa kuvutwa na tiara baharini), na mzee mmoja wa teksi ambaye Kitaliano anakijua kuliko sisi sote. Kuongea wanaongea na mgeni anafika anakotaka kufika. Shida inaanza mtu akitaka kuhamia risepsheni, anaambiwa haya andika imeli tuone, imeli inarudi imepigwa mistari myekundu kila pahala. "The guest want", "the rooms is ready", "he don't have booking", mambo hayo hayo kila siku.

Juzi nikaandika ubaoni "The boy goes", chini yake "The boys go". Kijana mmoja wa jikoni akanyanyua mkono, mwalimu si ulitwambia S ni ya wingi? Mbona mvulana mmoja ndo kitendo kina S, wakiwa wengi S inaondoka? Darasa zima likawa upande wake. Nikawapa ile kanuni tunayoijua sote, S ni moja tu, ikikaa kwenye jina haikai kwenye kitendo na kinyume chake. Akanijibu hapo hapo bila hata kufikiri: "Na children go je? S haipo kokote." Mwengine akadakia na "boss goes".

Kwa hiyo nauliza, hii S inafuata nini hasa? Na kwa watu wazima wanaojua Kiswahili chao vizuri, nianzie wapi? Zile jedwali za I go you go he goes wamezikariri toka darasa la tatu, wanaziimba, kisha wakiandika zote zimeyeyuka.


Kibwengo:
Mkuu usijichoshe. He, she, it weka S, basi. Sisi tumepita kidato cha nne hivyohivyo na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Hata Waingereza ukiwauliza hawajui.


bibi_sarufi:
Mwl_jioni mwanangu, huyo kijana wa jikoni mshike vizuri, swali lake ni zuri na lina jibu.

Mwambie hivi: hizo ni S mbili zisizo na undugu wowote, zimefanana sura tu. S ya kwenye jina ni ya wingi. S ya kwenye kitendo ni alama ya nafsi, inafanya kazi ileile inayofanywa na a- kwenye "anakwenda", tofauti wao wameitupa mkiani na sisi tunaiweka mbele. Na asishangae herufi moja kufanya kazi mbili zinazopingana, kwetu ipo vilevile. Nyumba inaanguka, hiyo i- ni ya moja. Miti inaanguka, hiyo i- ni ya mingi. Umeshawahi kusikia mtu analalamika? Hakuna, kwa sababu tunajua ni i- mbili tofauti.

Sasa kwa nini imebaki kwa yeye peke yake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Kiingereza kilikuwa na mkia kwa kila nafsi, mimi ana wake, wewe ana wake, yeye ana wake na wingi una wake. Karne zikapita, ile mikia ikaliwa mmoja mmoja. Kama darasani una mtu aliyewahi kushika Biblia ya Kiingereza ile ya 1611, mwambie afungue Zaburi ya 23. Anayeimba akimzungumzia Mungu anasema "he maketh", "he leadeth". Akigeuka kumsemesha mwenyewe anasema "thou preparest", "thou anointest". Unaona? -eth ya yeye, -est ya wewe, kama vile sisi tulivyo na a- na u-. Halafu hiyo -eth, ambayo ilikuwa na nguvu kusini, ikasukumwa na -s iliyoshuka kutoka kaskazini mwa Uingereza. Shakespeare anaandika zote mbili, "hath" na "has", inategemea siku yake. Na -est ikafa pamoja na thou, watu walipoanza kumwita hata mtu mmoja "you", ambayo asili yake ilikuwa nyinyi. Ndo maana mpaka leo ukimsemesha mtu mmoja unasema "you are" wala husemi "you is", umbo ni la wingi lilivyokuja.

Kwa hiyo wanafunzi wako usiwatishe kwamba Kiingereza kina upatanisho mgumu. Kiingereza kimefilisika kwenye upatanisho! Sisi mtoto wa miaka minne anakwambia kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika, embe limeoza, maembe yameoza, na wala hajafundishwa na mtu. Wao kimebaki kimkia kimoja, kwa nafsi ya tatu, kwa umoja, kwa wakati uliopo. Ukivuka kwenda wakati uliopita hata hicho hakipo: I went, he went, they went. Aliyekataa kufilisika ni "be" peke yake, yeye ana maumbo manane, be, am, is, are, was, were, being, been, na huyo kweli unamkariri.

Sasa kazi ya ubaoni. Wasianze na Kiingereza. Waandike Kiswahili, sentensi sita saba za kazini kwao, wazungushie duara kile kiambishi cha mbele. Boti inaondoka saa moja. Mgeni anataka taulo. Jua linachoma. Chakula kinachelewa. Wageni wanataka taulo. Vyumba vinanuka. Halafu waulize: hiki ulichozungushia ni cha kimoja au cha vingi? Kikiwa cha kimoja, na si mimi wala wewe, S inakwenda. The boat leaves, the guest wants, the sun burns, the food comes late. Kikiwa cha vingi, hakuna S, the guests want, the rooms smell. Utaona na children haina tatizo tena, watoto wanakwenda, wa- ni ya wengi, kwisha, mambo ya kuhesabu S yanaisha. Na boss vilevile, bosi anakwenda, a- ya mmoja.

Kosa la watu wazima mara nyingi si kwa he na she, hayo wanaweza. Wanaangukia kwenye vitu, "the boat leave", kwa sababu vichwani mwao S ni ya mtu. Hiyo dawa ya viambishi inawaonyesha kuwa ki-, li-, a- na wenzao wote ni "it" au "he" au "she" wa Kiingereza. Mtego ni u- na i-. U- inaweza kuwa wewe au mti, na i- nimeshasema. Hapo wasiangalie kiambishi, waangalie ni kitu gani kinasemwa.


Kibwengo:
Bibi shikamoo. Nimeomba mchele nimepewa gunia.


MtuWaKisumu:
Bibi marahaba yako iko wapi 😂 shikamoo pia mimi.

Mwalimu mimi niko Kisumu na ninafundisha form two, nikuambie mahali watu wangu huanguka sio hapo kwa "he goes", ni kwa maswali na kukataa. Unapata mtu ameshika vizuri kabisa "she works", halafu akiuliza anaandika "does she works". Akikataa, "she doesn't works". Na ya past ndio mbaya zaidi, "did he went", "he didn't came", hiyo unaskia hadi kwa redio.

Mimi huwaambia hivi, hiyo alama ni moja na hubebwa na mtu mmoja. Does ikishaibeba, ile verb ingine inabaki mikono mitupu. She works, S iko kwa work. Does she work, S imehama imeenda kwa do, angalia hapo kwa does utaiona. Past ni hivyo tu, he went, past iko ndani ya went. Did he go, past imehama iko kwa did, so go inarudi vile ilizaliwa. Halafu nawaonyesha Kiswahili, alienda ukikataa unasema hakuenda. Ile ku ishakuambia ni kitu ilipita. Hakuna mtu husema "hakulienda". Wakiskia hiyo wanacheka, na ukiwaambia "he didn't went" ndio hakulienda yenyewe, haiwatoki kwa kichwa.

Has pia iko hapo, "he doesn't has" ni kosa ileile, S ishabebwa, so ni "he doesn't have".

Ingine wanauliza ni kwa nini hatusemi "he cans", "she musts". Hizo can, may, shall na must zilianza zikiwa na shape ya past, zamani hizo, halafu zikatumika kwa present. Na bibi amesema past haina S. He went haina, he can haina. Na chenye kinafuata can kinabaki kama kilivyo, he can swim, sio "he can swims". Hii kitu ni rahisi ukiona logic yake.


bibi_sarufi:
Marahaba wanangu. Mkisumu umeeleza vizuri mno, lakini nacheka. Unafundisha watu upatanisho wa Kiingereza na wewe hapo juu umeandika "kitu ilipita", "kosa ileile", "hii kitu". Hiyo S unayowadai watoto wa watu, wewe ki- yako umeiacha wapi?


MtuWaKisumu:
Bibi usiniue 😂😂 huku bara tunaongea hivyo, na Lubumbashi kule Kongo pia wanasema "kitabu yangu" na tunaelewana vizuri. Kwa mtihani wa Kiswahili naandika "kitu kilichopita" kama kawaida.


Baridi_Tupu:
Hapo kwa Mkisumu pamenigusa. Mimi niko Norwich, mashariki mwa Uingereza huku, napiga shifti weahausi. Wazee wa hapa, Waingereza wa kuzaliwa, mababu zao wamezikwa hapahapa, wanasema "he go", "she say", "that cost a lot". S hakuna kabisa. Siku za mwanzo nilidhani sisikii vizuri. Kumbe ndo lahaja ya Norfolk na Suffolk, ya siku nyingi. Ukienda upande wa kusini magharibi wao kinyume, wazee wanaimwaga S kwa kila mtu, "I goes", "they knows". Na Wamarekani weusi wengi nyumbani kwao wanasema "he go" na ina taratibu zake kamili, si kwamba wamekosea.

Kwa hiyo mwalimu waambie vijana kukosa hiyo S hakumaanishi mtu hana akili. Mzee wa Norfolk anaikosa maisha yake yote na anaendesha shamba lake vizuri tu.


Kibwengo:
Ahaa! Si nilisema. Kama wenyewe wanasema he go, sisi tunajisumbua nini? Mwl_jioni wape likizo.


Baridi_Tupu:
Kibwengo, huyo mzee haombi kazi ya risepsheni. Mjukuu wake anayeandika imeli ofisini anaweka S zote. Na wewe ukiandika "he go" hakuna atakayesema loo huyu Mnorfolk, watasema hajui.


Kaunta_Muscat:
Assalaam alaykum. Nimesoma yote, bibi Mungu akupe umri. Mimi niko Muscat, nakaa front ofisi mwaka wa kumi na kitu sasa, asili yetu Unguja. Naongeza upande mmoja ambao hamjaugusa, nao ni sikio.

Wengi wetu S tunaijua, ila haitoki mdomoni, na isiyotoka mdomoni mkono nao unaisahau. Kiswahili maneno yanaishia na irabu. Sasa mtu unamwambia aseme "asks", "costs", "wants", konsonanti tatu zimerundikana mwisho. Ama anaziacha, anasema "ask", ama anazibandika irabu anasema "asikisi". Ujanja niliofundishwa na supavaiza wangu wa kwanza, Mfilipino yule, ni kwamba usifundishe kitendo kikiwa peke yake. Kifundishe na neno la mbele linaloanza na irabu. "Works at", "lives in", "comes on", "stays until". Ukiyasema haraka ile S inahama, inakwenda kuungana na neno la pili: wak-sat, liv-zin, kam-zon. Sa na zi ni silabi zetu hizo, tunazo tangu utotoni, mdomo haugomi. Mwalimu wafanyishe "she works at the front desk, she lives in Paje, she comes on Friday" mpaka iwe wimbo.

Na waambie pia si zote zinalia s. Weka kidole kooni. Ukitamka sauti ya mwisho ya kitendo na koo halitetemi, kama work, want, stop, laugh, basi ni s kavu. Likitetemeka, kama live, clean, need, au kikiishia na irabu kama go na play, inalia z. Na vile vinavyoishia na sauti za sss, zzz, sh, ch na j, kama wash, close, change, unaongeza silabi nzima, iz. Wash, washes. Halafu kuna mawili yanamtoa kila mtu wa kwetu: "says" inatamkwa sez, si seiz, na "does" inatamkwa daz.

Msikate tamaa lakini. Kulikuwa na mtafiti wa Harvard, Roger Brown, alifuatilia watoto watatu wa Kimarekani wakijifunza lugha yao wenyewe, alitoa matokeo 1973. Ile -ing walianza nayo mapema kabisa, S ya wingi ikafuata upesi, hii S ya kitendo ikaja nyuma sana. Watoto wenye lugha, mchana kutwa wanaisikia kwa mama. Sembuse mpishi anayetoka shifti saa kumi na moja akaja darasani na njaa.


Winga_Teleza:
Wakuu mnaongea kitaalamu, ngoja nilete mpira. Mimi nilijifunza Kiingereza kwa kusoma habari za ligi ya Uingereza na nikawa nachanganyikiwa, wameandika "Arsenal are top", "Chelsea have signed". Arsenal ni moja, are ya nini? Nikija kusoma mtandao wa Kimarekani nakuta "Arsenal is". Sasa yupi yuko sahihi?


bibi_sarufi:
Wote wawili, Winga. Mwingereza neno la kundi kama team, government, family, anaweza kulichukua kama chombo kimoja au kama watu waliomo. Akiwaza wachezaji anasema are. Mmarekani anapenda kulichukua kama kimoja, is. Wewe mwenyewe unafanya hivyo kila Jumamosi: "Simba imeshinda" na "Simba wamecheza vizuri", umeshawahi kujiuliza? Kwenye klabu unasema i-, kwenye wachezaji unasema wa-.

Tena sisi tumezoea maana kuipiku sura kuliko wao. Kiongozi, kijana, kipofu, yote yana ki- mwanzoni, lakini husemi kiongozi kimefika, unasema kiongozi amefika, kwa sababu ni mtu. Police ni hivyo kwao, halina S lakini lina watu ndani, kwa hiyo ni "the police are here" siku zote, Uingereza na Marekani. "The police is coming" ni kosa linalopatikana sana huku kwetu, hata magazetini. People pia, are.

Na kama unataka la kuwashangaza Wamarekani, United States leo ni "is". Lakini ukisoma marekebisho ya 13 ya katiba yao, ya 1865, yale ya kukomesha utumwa, yameandikwa "the United States, or any place subject to their jurisdiction". Their! Walikuwa bado wanaiona nchi yao kama majimbo mengi.


mwl_jioni:
Jamani nimerudi. Bibi, Kaunta, Mkisumu, sina la kuwalipa. Jana nimewafanyisha zoezi la duara, sentensi zao wenyewe. Kijana wa jikoni amepata zote isipokuwa moja na hiyo moja ndo imenileta. Aliandika Kiswahili "maji yamekatika", akazungushia ya-, akasema ya- ni ya wingi kama maembe yameoza, kwa hiyo "the water have stopped". Mantiki yake haina kosa! Dada wa usafi naye kaleta "nywele za mgeni ziko kwenye sinki", akaandika "the hairs of the guest are". Nikawaambia nitawajibu kesho. Kesho ndo leo.

Na mzee wa teksi ana lake, yeye kila kitu ni "I have". "I have come yesterday." "The guest has slept", kumbe mgeni yuko ndani amelala sasa hivi.


bibi_sarufi:
Hapo ndipo dawa yangu inapofika mwisho, na ni vizuri wamepagundua wenyewe. Yapo maneno ambayo kwetu yanakwenda kwa wingi na kwao ni kitu kimoja kisichohesabika, yanachukua S. Maji, maziwa, mafuta, mahindi, mazingira, nywele, pesa, habari. Maziwa yameharibika, the milk has gone bad. Pesa zimeisha, the money is finished. Mahindi yamepanda bei, maize is expensive. Habari ni mbaya, the news is bad, ijapokuwa news ina S mwishoni na inakudanganya. Nywele kichwani ni "hair is", hairs ni pale unapohesabu moja moja, ule wa kwenye sinki ukiwa unywele mmoja ni "a hair", naona dada wa usafi anaweza kuuhitaji. Wakiona neno la Kiswahili linaanza na ma- lakini ni kitu cha kumimina, wasiamini kiambishi.

Halafu lipo kundi linalokwenda kinyume. Suruali imechanika, moja, lakini kwao "the trousers are torn". Mkasi umepotea, "the scissors are lost". Miwani, "the glasses are". Vitu vyenye sehemu mbili zilizoungana, wao wanavihesabu ni vingi. Na yale tunayoyaongezea S bure, informations, furnitures, luggages, advices, equipments, hayo ufute kabisa. Luggage is, hata yakiwa masanduku ishirini.

Mkisumu mchukue mzee wa teksi, mimi macho yamechoka.


MtuWaKisumu:
Sawa bibi. Mzee anafuata -me- ya Kiswahili moja kwa moja. Nimekuja jana, kwetu iko sawa. Kwa Kiingereza ukitaja saa yenye ilipita, jana, last week, 2019, hiyo have inakufa, unasema "I came yesterday". Have unaitumia kama hutaji ni lini, "I have come", nimefika niko hapa.

Ya pili, kuna -me- yenye si kitendo, ni hali. Amelala, amevaa, amesimama, amekaa, amechoka, ameshiba. Hizo zote ni is: he is asleep, he is wearing, he is standing, he is tired. "He has slept" inamaanisha ashamaliza kulala. So akiambia mgeni dirishani "your friend has slept", mgeni atafikiri ameamka tayari.

Na -na- pia iangaliwe. Anaenda kanisani kila Jumapili na anaenda kanisani saa hii, kwetu ni anaenda tu. Kwao ya kila Jumapili ni goes, ya saa hii ni is going. Mzee akisema "I am driving taxi for ten years" shida ni hiyo. Miaka kumi mpaka leo ni "I have been driving". Hapo sasa ndio ile have yake anayoipenda ina kazi.


Kaunta_Muscat:
Niongeze moja ya imeli kwa vile mwalimu alianza na imeli. Makosa mengi ninayoyaona hayako kwenye sentensi fupi. Yako pale kiima kinapokuwa kirefu na kitendo kinasimama karibu na neno lisilo lake. "The list of the arriving guests are attached." Mtu kaona guests hapo mlangoni kwa kitendo akaandika are. Kinachoambatishwa ni list, basi is. "The key for rooms 12 and 14 is at the desk." Kiswahili kinakuokoa hapa, orodha ya wageni imeambatishwa, husemi wameambatishwa. Each na every nazo ni kama kila: kila mgeni ana, each guest has, each of the guests has. One of the rooms is, chumba kimoja kati ya vyumba kiko. Isipokuwa "a number of guests are waiting" ni wageni kadhaa wanasubiri, lakini "the number of guests is small" ni idadi ya wageni ni ndogo, mwanzo tu unabadilika kila kitu kinageuka.


mwl_jioni:
Hii ya orodha naiandika ubaoni leo leo. Ahsanteni sana.


Kibwengo:
Ngojeni kwanza kabla hamjafunga. Nimekaa kimya nawawinda. Wimbo wa taifa wa Uingereza. "God SAVE the King." Mungu ni mmoja, nafsi ya tatu, wakati uliopo, S iko wapi?? Taifa zima linaimba kosa au bibi umetudanganya?


bibi_sarufi:
Kibwengo leo umekuja na la maana. Tafsiri mwenyewe: ni "Mungu anamlinda Mfalme" au "Mungu amlinde Mfalme"?


Kibwengo:
Amlinde. Ni dua.


bibi_sarufi:
Basi. Hiyo -e ya amlinde, ya aende, ya asome, kwa Kiingereza ndiyo kitendo kisicho na S. God saves ni habari, anamlinda. God save ni ombi, amlinde. Na ofisini ipo: "I suggest that he go home", napendekeza aende nyumbani. "The manager insists that she be on time", meneja anasisitiza awahi. Siku hizi Waingereza wengi hapo wanaweka "should go" au wanaweka S tu, Wamarekani ndo wameishikilia zaidi.


Kibwengo:
Na "long live the King"?


bibi_sarufi:
Ndiyo hiyohiyo. Aishi.